Maji Yanayoganda Njiani Kurudi

Kilichomshtua Salha Shekilindi asubuhi ile ni weupe. Mrija wa kioo alioutoa kwenye kabati la baridi ulikuwa safi kabisa, ungeweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili. Akauweka kwenye kipasha joto, akakitegesha kiende taratibu kama ulivyo utaratibu wa nyumba, akaenda kuchukua chai yake. Aliporudi, mrija ulikuwa mweupe kama tui.

Kwanza alidhani amechukua mrija usio wenyewe. Akatoa mwingine, na safari hii hakubanduka pale. Ulitoka kwenye nyuzi arobaini chini ya sifuri ukiwa safi, ukafika thelathini ukiwa safi, ukafika ishirini. Karibu na kumi na tano ndipo ilipoanza nukta moja ndogo katikati, ikatanda kama ukungu, na muda si mrefu mrija mzima ukawa barafu. Chai ilipoa bila kuguswa.

Kilichokuwa ndani ya mirija ni utomvu. Jina lake la kiwandani lilikuwa refu, lenye tarakimu katikati, lakini pale Magamba hakuna aliyejisumbua nalo. Ilikuwa polima, minyororo mirefu isiyoonekana kwa macho, iliyosukumwa mwilini mwa mgonjwa badala ya damu, ikapenya hadi kwenye ini na ubongo na kuyashika maji yaliyomo yasigande. Mtu ambaye dawa yake ilikuwa haijapatikana alijazwa utomvu, akateremshwa kwenye baridi kali, akangoja. Ndiyo maana mahali penyewe paliitwa Nyumba ya Kungoja. Walilala humo watu wa kila namna: walimu, wakulima wa pilipili hoho, hata diwani mmoja ambaye wapiga kura wake walisema hawajaona tofauti yoyote.

Utomvu wa zamani ulikuwa ukiharibu maini, kwa hiyo tangu mwaka uliopita walikuwa wakitumia huu mpya. Ulipimwa vizuri ukienda chini. Hakuna aliyeupima ukirudi juu, maana kila mtu aliamini kwamba kisichoganda kwenye nyuzi arobaini hakiwezi kuganda kwenye kumi na tano. Hata Salha mwenyewe aliamini hivyo, na yeye ndiye aliyeajiriwa kuujua utomvu.

Lakini maji yakiwa ndani ya polima si ya namna moja. Yapo yaliyo huru, yanaganda kama ya kwenye friji. Yapo yaliyong'ang'aniwa na minyororo kiasi kwamba hayagandi hata uyafanyeje. Na katikati yapo yaliyoshikwa nusunusu, na hayo ndiyo vigeugeu. Ukiyapoza, minyororo inakakamaa na kuyabana kama watu waliosongamana mlangoni, kila mmoja anataka kujipanga ila hana pa kugeukia. Barafu si kitu kingine ila chembe za maji zilizopanga foleni. Sasa rudisha joto kidogo, minyororo ilegee, watu wapate pa kuweka mguu. Hapo ndipo wanapojipanga. Yanaganda njiani kurudi, wakati wewe unashukuru kwamba umeyaokoa.

Akatia mrija wa tatu kwenye tanuri dogo la mawimbi, lile la kupashia sampuli za nyama, akaupitisha pale pabaya kwa kasi. Ukatoka safi, unatiririka, na joto lake. Maji hayakupata nafasi ya kujipanga.

Salha akavuta kiti akaketi. Alikuwa akimfikiria Sikudhani.

Nyumba ilipofunguliwa, ilikuwa na tanuri kubwa la mawimbi, refu kama kitanda, la kuwaamshia watu. Ndugu za wagonjwa wakalitazama wakasema haiwezekani. Mtu si kiporo. Wengine walitaka kuwachukua watu wao hivyohivyo walivyo, wamekauka kama magogo. Basi kukawa na maafikiano: mgonjwa ataamshwa kwa kukandwa, kama anavyokandwa mzazi aliyejifungua. Kinamama walivaa glovu ndefu, wakachovya khanga kwenye maji ya moto yaliyotiwa chumvi, wakaanza nyayoni kuelekea kifuani, polepole, kwa dua na maongezi, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Utomvu wa zamani ulipenda mwendo huo. Wote walioamka waliamshwa hivyo, na wote walipita mikononi mwa Bi Mwantumu Kihiyo, kiongozi wa wakandaji.

Sikudhani, binti wa jirani yake Bi Mwantumu, alikuwa wa kwanza kuamshwa kutoka kwenye utomvu mpya. Moyo wake ulipiga kidogo ukaacha. Madaktari walisema mwili ulikuwa umechoka na maradhi, akazikwa jioni ileile. Aliyefuata kuamshwa alikuwa Hoza, mtoto wa pekee wa Bi Mwantumu mwenyewe. Zamu yake ilikuwa kesho.

*

"Una hakika?" Dakta Mhina, mkurugenzi wa Nyumba, aliuliza.

"Nimerudia mpaka mirija imeniishia."

Mkurugenzi akavua miwani akaiweka juu ya meza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoyafanya mazungumzo yawe magumu. Aligeukia dirishani, ambako bustani ilikuwa imemezwa na ukungu wa mlimani.

"Kumwahirisha?"

"Seli za ini lake zimeshatoka Dar," alisema Salha. "Zisipoingia mwilini kesho zinatupwa. Kuotesha nyingine ni mwaka mzima, na mwili wake hautavumilia baridi muda huo."

"Basi tanuri."

"Hajawahi kuingia mtu humo, dokta."

"Mbuzi wameingia, wakatoka wakila majani." Akainama mbele. "Sikiliza. Hoza anaingia tanurini alfajiri, kabla mama yake hajafika. Anapita pale pabaya kwa kasi, tunamsimamisha juu kidogo ya sifuri. Bado wa baridi, bado amelala. Bi Mwantumu anakuja, anakuta mwili wa baridi, anakanda kama siku zote. Mtoto anaamka mikononi mwa mama yake. Nani ameumia?"

"Atauliza mbona si mgumu."

"Utamwambia utomvu mpya ndivyo ulivyo. Wewe ndiye mtaalamu wake, atakuamini."

"Kwa nini tusimwambie ukweli?"

"Kwa sababu ukweli wenyewe ni mmoja, Salha, huwezi kumkatia kipande." Sauti yake haikupanda. "Ukimwambia kukanda kutamuua Hoza, umemwambia kukanda kulimuua Sikudhani. Unamwambia yule mama kwamba alimuua mtoto wa jirani yake kwa mikono yake, huku akimwombea dua. Huo ukweli unamponya nani? Halafu fikiria hili pia. Yeye ndiye mzazi, na sheria inampa kauli. Akikataa tanuri akasema atakanda vilevile, utafanyaje? Utamfungia mlango?"

Salha akainuka akatoka. Na kilichomtia aibu, alipokuwa akishuka ngazi, ni kwamba kifua chake kilikuwa chepesi kuliko alipopanda. Alikuwa amepewa ruhusa ya kunyamaza, na alifurahi.

*

Bi Mwantumu alikuwa chumba cha kufulia, amesimama mbele ya sufuria la mvuke, anachemsha khanga za kesho. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na wauguzi wote walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

"Karibu, mtoto wa chuo," alisema bila kugeuka. "Umekonda. Au yule bwana wa Korogwe bado anajikanyagakanyaga kuleta posa?"

"Shikamoo, bibi. Anasema anajenga kwanza."

"Marahaba. Anajenga! Mwambie nyumba haizai watoto." Akacheka, akainua khanga moja kwa kijiti, akaichunguza, akairudisha. "Hii ni ya Hoza. Nilimfunikia siku aliyoingia baridini. Alikuwa akitania, ananiambia, mama, nikiamka nitakuta umeolewa. Mjinga yule."

Salha akajilazimisha kucheka. Alikuwa ameshayapanga maneno yake: kesho bibi asije mapema, kuna vipimo vya asubuhi, watampigia simu. Yalikuwa maneno machache tu, na yangetosha.

"Nikwambie kitu?" Bi Mwantumu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Tangu yule binti, silali vizuri. Madaktari wamesema yao, nimewasikia. Lakini najiuliza, Salha. Siku ile mvua ilikuwa inakuja, wenzangu wakataka kuwahi nyumbani. Nadhani nilikimbiza. Nilimkanda haraka." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Kesho nitakwenda polepole. Polepole kuliko nilivyowahi kumkanda mtu yeyote."

Salha aliyaacha yale maneno machache. Mama huyu alikuwa ameshajihukumu tayari, na alikuwa amejihukumu kwa kosa ambalo si lenyewe. Uongo wa Dakta Mhina usingemwachia amani. Ungemwachia hatia ya bandia hadi siku ya kufa kwake, na angewafundisha wakandaji wengine wapunguze mwendo. Salha alihisi hasira, hasa juu yake mwenyewe.

"Bibi," alisema, "acha khanga kidogo. Njoo maabara nikuonyeshe kitu."

*

Alimvalisha glovu, akatoa kabatini mrija mmoja kati ya michache aliyotengeneza upya mchana ule.

"Huu ndio utomvu ulio ndani ya Hoza. Unaona ulivyo safi? Ushike. Ukande kama unavyomkanda mtu."

Bi Mwantumu akamtazama kama mtu anayefanyiwa mzaha, lakini akaupokea. Aliuzungushia kitambaa cha uvuguvugu, akausugua kwa vidole vya mazoea, kutoka chini kwenda juu. Midomo yake ikaanza kutikisika, na Salha akatambua kwamba anasoma dua, kwa mazoea tu. Ukapita muda. Kisha kitambaa kikatoa sauti ndogo, kama chumvi inayokanyagwa.

Akakifunua. Mrija ulikuwa mweupe.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Ndivyo utomvu wenyewe unavyofanya. Tazama sasa."

Akatia mwingine kwenye tanuri dogo. Likanguruma kidogo, likanyamaza, na Salha akautoa akauinamisha. Utomvu ukatiririka ndani ya kioo, safi, hauna hata doa.

Bi Mwantumu aliitazama mirija yote miwili. Hakuwa amesoma sana, na hakuhitaji kusoma sana kuona kilichokuwa mbele yake. Salha alianza kueleza habari za minyororo na maji yanayopata nafasi ya kujipanga, akajisikia anaongea haraka mno, akaacha.

"Weupe huu," Bi Mwantumu aliuliza, "ukiwa ndani ya mtu?"

"Unachana. Ni vipande vidogo vya barafu, vinachana kila kitu."

"Na Sikudhani alikuwa na utomvu upi?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kukwepa. Salha alijua swali hili litakuja.

"Huuhuu, bibi."

Bi Mwantumu akauweka mrija mezani, taratibu, kana kwamba ungeweza kumuumiza mtu mwingine tena. Akavua glovu moja, kisha ya pili.

"Kosa ni letu," Salha alisema, machozi yakimlengalenga. "Sisi ndio tuliopaswa kupima. Mimi ndiye niliyepaswa kupima. Si mikono yako."

"Mikono ni yangu," alisema Bi Mwantumu. "Usiniondolee. Uliyoyafanya wewe ni yako, na haya ni yangu."

Aliketi kwenye kiti cha Salha. Hakulia. Aliuliza kuhusu tanuri, na Salha akamwambia yote: kwamba hajawahi kuingia mtu, kwamba mbuzi wa mwanzo waliungua ndani huku ngozi ikiwa baridi, kwamba wa karibuni waliamka salama, kwamba seli za ini zisipotumika kesho ndiyo basi. Alimwambia pia kuhusu mpango wa Dakta Mhina. Bi Mwantumu aliusikiliza mpango huo akitikisa kichwa.

"Alitaka kunisitiri," alisema. "Mwambie nimemshukuru."

"Unasemaje basi, bibi? Kuhusu Hoza?"

Bi Mwantumu akasimama, akajifunga ushungi.

"Sisemi kitu sasa. Siwezi kumpokea wangu wakati mwenzangu hajui kwa nini amemkosa wake. Nakwenda kwa Mama Sikudhani, na nikitoka huko ndipo nitasema."

Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Khanga zilibaki zikichemka mpaka mtu akazima moto.

*

Siku ya pili asubuhi Bi Mwantumu alikuwa hajaonekana. Dakta Mhina alikuwa ameshaambiwa na Salha, na tanuri likamngoja mama. Seli za ini zililetwa kwenye sanduku la bluu, zikawekwa mahali pake. Wakandaji wengine walifika, wakaambiwa wangoje, wakakaa kibarazani wakinong'onezana. Mchana ulipoingia, Dakta Mhina alikuja maabara mwenyewe.

"Simu yake haipokelewi," alisema. "Salha, kijana amelala pale na dawa yake iko pale. Tunamngoja mama atoe kauli kuhusu mtoto atakayekufa tukiendelea kungoja. Hilo nalo ulilipigia hesabu?"

"Nililipigia."

"Na ukaona bora hivi?"

Salha hakuona bora. Usiku uliopita alikuwa amejilaani mara nyingi. Alikuwa na hofu kwamba amemchukulia mama mmoja amani yake na sasa anamchukulia na mtoto, yote kwa sababu yeye Salha hakuweza kubeba uongo mmoja mdogo. "Tumpe mpaka alasiri," alisema. "Asipofika, mtie tanurini, nami nitajibu."

Walifika kabla ya alasiri. Walikuwa wawili. Bi Mwantumu alitangulia, na nyuma yake, hatua kadhaa nyuma, kama watu wasiofuatana, alikuja Mama Sikudhani, mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyovimba. Kibaraza kilikuwa kimejaa watu, wakawapisha.

Mama Sikudhani hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja maabara kwa Salha.

"Nionyeshe huo weupe."

Salha akamwonyesha. Mama yule akaushika mrija kwa vidole vitupu, akautazama mpaka baridi ikamfanya auache.

"Aliumia? Mwanangu, aliumia?"

"Hapana. Wakati huo ubongo unakuwa bado umelala. Hakusikia chochote."

"Unaniambia hivyo kunituliza?"

"Hapana, mama. Ningetaka kukutuliza, jana nisingesema lolote."

Mama Sikudhani akamkazia macho, kisha akakubali kwa kichwa. Akarudi nyuma akasimama ukutani, akakunja mikono. Hakuna aliyejua amekuja kufanya nini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Mtie," Bi Mwantumu alimwambia Dakta Mhina. "Mwanangu, mtie. Akiamka ni Mungu, asipoamka ni Mungu, lakini safari hii tunajua tunachokifanya."

Wote wakaingia chumba cha tanuri, Mama Sikudhani akasimama tena ukutani, na Hoza akatelezeshwa ndani ya tanuri. Alikuwa kijana mrefu, ngozi imefifia kama karatasi, ndevu zimesimama palepale zilipokuwa siku aliyolala. Mlango ukafungwa. Salha alisimama mbele ya vioo vya vipimo akitazama nyuzi zikipanda kuelekea sifuri: thelathini, ishirini na tano, ishirini. Zilipokaribia kumi na tano alisogea karibu na kioo. Zikapita. Zikafika sita, zikafika sifuri, zikavuka. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliotikisika kuonyesha barafu.

Yaliyobaki yalikuwa kazi za kawaida za hospitali. Utomvu ulitolewa, damu ikarudishwa, seli za ini zikaingizwa, mashine ikausukuma moyo mpaka ukaona haya ukaanza kujiendesha wenyewe. Ulipiga, ukapiga tena. Dakta Mhina alikuwa akihesabu kwa midomo. Nje jua lilikuwa limeshainama Hoza alipofungua macho.

Alianza kutetemeka. Meno yaligongana, miguu ilirukaruka kitandani, na macho yalizunguka chumbani hadi yakampata aliyemtafuta.

"Mama," alisema. "Baridi."

Bi Mwantumu alikuwa amesimama kwenye kona, mikono ameifumbata chini ya khanga. Hakusogea.

"Sasa hakuna hatari, bibi," Salha alimwambia kwa upole. "Utomvu umetoka wote. Kumkanda ni salama. Kutamsaidia."

"Siwezi."

"Bibi, nakuapia."

"Nimesikia. Siwezi." Alikuwa akilia sasa, kwa mara ya kwanza, bila sauti, machozi yakimdondoka kidevuni. "Nikimgusa namwona yule."

Hoza aliita tena. Wakandaji wengine walitazamana mlangoni, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie, kwa maana hakuna aliyetaka kuingia kati ya mama na mtoto wake. Ndipo Mama Sikudhani alipobanduka ukutani. Akapandisha mikono ya gauni lake, akaenda kwenye beseni la maji ya moto waliloandaa wakandaji, akachovya khanga, akaikamua. Alipogeuka uso wake ulikuwa umekakamaa kwa hasira.

"Sijakusamehe, Mwantumu," alisema. "Leo sijakusamehe, na kesho sijui. Lakini mtoto wa watu haachwi akitetemeka na sisi tumesimama."

Akapiga magoti kwenye upande mmoja wa kitanda, akaufunika mguu wa kijana kwa khanga ya moto, akaanza kukanda. Alikanda vibaya, kwa nguvu mno. Kisha akanyanyua kichwa.

"Shika mguu ule," alisema. "Na usinisemeshe."

Bi Mwantumu akaja, akaushika.